Mabawa ya Kindi

Kwaru, kwaru! Usiku wa manane Kindi alikuwa akikata bati kwa msumeno. Mshindi wa mbio za pikipiki angepewa shimo kavu, na vitoto vya Kindi vilikuwa vinalala majini. Lakini Kenge, mkaguzi, alishapiga marufuku mabawa ya bati ubavuni mwa pikipiki, na Kindi ni mwepesi mno, bila mabawa ya kuikandamiza chini gurudumu la mbele linanyanyuka.

Asubuhi Kenge akaipapasa pikipiki ya Kindi. "Mabawa umeyang'oa, binti?"

"Yamo ndani ya bodi, mzee, upepo unapita humo humo. Ulikataza ubavuni. Haya, nionyeshe ulipokataza ndani!"

Kenge akafunua kitabu cha kanuni, hakuliona neno "ndani", akakifunga na kumpisha. Kindi akashinda.

Jioni Kenge akabisha hodi kwenye shimo kavu. "Mwanangu anashindana mwakani. Nichoree hayo mabawa ya ndani, binti. Wallahi simwambii mwingine."