Filimbi ya Kocha Kanga

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, Kanga, kocha wa timu ya mpira wa kikapu iliyofungwa msimu mzima, alimsajili Chatu kwa urefu wake.

"Mwache Sungura, kocha. Mfupi mno," Chatu akashauri.

Akamwacha. Kisha Ngiri, kisha Nyani, na wengine wote. Chatu alifunga peke yake, timu ikashinda. Hakuna aliyeachwa aliyerudisha jezi, na Kanga, kwa kuogopa kufukuzwa kazi, hakuuliza.

Jioni moja akapuliza filimbi ya mazoezi. Wachezaji wakaitika kama zamani: "Tupo, kocha!"

Sauti zilitoka tumboni mwa Chatu.

"Nafasi ya mmoja bado ipo," Chatu akasema kwa upole. "Kesho tumwache nani, mama?"

Kulipokucha, Kanga aliiziba filimbi kwa udongo, upepo usije ukaipuliza na kuwaita waliomo tumboni, akaruka kwenda zake.