Swali Moja Dogo

Mkono wa Bi Verna Stuckey ulikuwa juu tena.

Diwani Lyle Oberkrom aliuona kabla meya hajauona, akafumba macho. Ukumbi wa baraza la mji wa Pell Fork ulinuka kahawa iliyolala na makoti yaliyolowa theluji. Zilikuwa zimebaki sekunde chache tu wapige kura.

"Nina swali moja dogo, mheshimiwa meya," alisema Bi Verna. "Hivi 'dari' iliyotajwa humu ni pamoja na dari ya banda la gari?"

Hakuna aliyejua. Na kwa utaratibu wa mji ule, swali la mkazi lisipojibiwa, kura husogezwa hadi kikao kijacho.

"Bi Verna, nakuomba!" Gene Tolliver, diwani mwenye duka la mbao, nusura alie. "Tupige kura leo tumalize. Tunazeekea hapa!"

Lyle alimtupia jicho la shukrani. Angalau Gene alikuwa muungwana.

Pendekezo lilikuwa la Lyle. Alitaka kila nyumba mpya Pell Fork ifuate kanuni za nishati: kuta zilizojazwa vizuri kuzuia baridi, madirisha ya vioo viwili, milango isiyopitisha upepo. Si anasa. Binti yake Corrine alihamia nyumba ambayo rangi yake haijakauka vizuri, na baridi ilipoanza, maji yakaganda ndani ya bomba la jikoni. Mtoto wake mchanga alilala usiku amevaa kofia na glavu. Mjenzi alipoulizwa, alijibu kwa upole kwamba hajavunja sheria yoyote. Na kweli hakuivunja, maana haikuwepo.

Lyle aliendesha gari hadi makao makuu ya jimbo.

"Hapa Missouri hatuna kanuni ya jimbo zima, mzee," ofisa alimwambia. "Kila mji unajiamulia wenyewe. Nenda kaongee na mji wako."

Aliporudi, meya alijikuna kidevu. "Jambo zito kama hili si lingetoka jimboni?"

Lyle alitamani kupiga ukuta teke. Badala yake aliandika pendekezo mwenyewe, akawazungukia madiwani wenzake watano, mmoja mmoja. Zilihitajika kura nne. Wote walimpigapiga mgongoni. "Tuko pamoja, kaka," Gene alimwambia, macho kwenye simu. "Wewe lilete tu, tena haraka."

Meya peke yake ndiye aliyesita. "Una hakika na kura zako? Likianguka, ndiyo limekufa. Halirudi mezani miaka mitano."

"Haliwezi kuanguka. Wote wameniahidi."

Hakuwa amemhesabu Bi Verna, mjane wa Roy Stuckey aliyejenga nusu ya mji. Novemba aliuliza habari ya vibanda vya kuku. Desemba, banda la gari. Januari alitaka mhandisi aje kueleza. Februari mhandisi alikuja, akaeleza mpaka sauti ikamkauka, na Bi Verna akamuuliza kitu kuhusu makanisa ambacho yule bwana hakuwahi kukisikia maishani. Machi aliugua mafua, akamtuma jirani na swali. Watu walikuwa wameanza kucheka. Lyle hakucheka. Kila kura iliposogezwa, nyumba nyingine kama ya Corrine ilikuwa inaezekwa.

Siku moja alimkuta dukani, anachagua vitunguu.

"Bi Verna, niambie ukweli. Wajenzi wanakupa nini?"

"Huna adabu, Lyle. Roy angekusikia!"

"Roy huyohuyo aliyetujengea maboksi ya karatasi?"

Alijuta hapohapo. Lakini Bi Verna aligeuza tu kitunguu mkononi. "Maboksi, kweli. Nimetetemeka ndani ya moja ndoa yangu yote."

"Sasa kwa nini—"

"Umekonda wewe. Unakula?" Akasukuma kitoroli chake akaenda zake.

Aprili ukaja uchaguzi wa mji. Kiti cha Lyle hakikugombewa mwaka huo, lakini madiwani wawili walibwagwa na watu asiowajua hata kwa salamu: muuguzi aitwaye Tessa Landreth, na Orval Finch, dereva wa basi la shule. Lyle alikaa jikoni kwake kichwa mikononi. Ahadi mbili zilikuwa zimekwenda na maji, na nguvu za kuanza upya hakuwa nazo tena.

Kikao kilichofuata alikwenda kama mtu anayekwenda kuzika.

"Kuna swali lolote kutoka kwa wakazi?" meya aliuliza.

Ukumbi mzima uligeuka. Bi Verna alikuwa mstari wa mbele, mikono mapajani. Akapiga chafya, akafuta pua, akairudisha mikono mapajani.

Meya alisubiri, asiamini. Kisha akaanza kuita majina.

Lyle akasema ndiyo. Nadine Weiss, rafiki yake wa zamani, ndiyo. Tessa Landreth, ndiyo. Orval Finch, ndiyo.

"Hapana," alisema Gene Tolliver, bila kumtazama. Na diwani aliyekaa pembeni yake, ambaye naye alikuwa ameahidi, akasema hapana.

Lilipita.

Lyle alitoka nje, hajui acheke au apige kelele. Kwenye maegesho gari kuukuu la Bi Verna lilikuwa limeshawashwa. Tessa alikuwa kiti cha mbele. Orval alikuwa anajikunja kuingia nyuma.

Bi Verna alishusha kioo.

"Novemba ulikuwa na kura mbili, Lyle," alisema. "Hawa wengine ilibidi nipate muda wa kuwatafuta."