Samaki Bila Miiba

Katika riwaya ile ya kizamani, wapenzi wanabusiana. Padri aliyekuwa akiigeuza kuwa filamu hapa Stanleyville hakutaka. "Bon, busu hapana. Sikujua, mupe tu samaki."

Sikujua ni jina la mke wangu. Kavaa gauni refu la kizungu, kakaa ubavuni mwa mwalimu anayeigiza mchumba wake. Mimi nimeshika kioo cha kumulika uso wake.

Akamchambua yule samaki polepole, akatoa miiba yote, hata ile myembamba ya mkiani, kisha akamlisha mwalimu kwa mkono wake.

Padri akapiga makofi. "Magnifique! Ulijua muke yako iko hodari hivi?"

Nyumbani kwetu miiba naitoa mwenyewe.

"Sikujua," nikajibu.

Mke wangu akageuka, akidhani namwita. Vidole vyake vilikuwa bado midomoni mwa mwalimu.