Kigoda Kando ya Mafiga

Jirani anaapa kwamba baba mkwe wa Winfrida alifukuzwa kwenye makumbusho kwa fimbo. Uongo mtupu. Fimbo ilikuwa ya mzee mwenyewe, aliikita mlangoni akagoma kuingia.

Ndani ya nyumba mpya ya maonyesho, Winfrida alikuwa amepiga magoti akisaga wimbi kwenye jiwe la kusagia. Ndiyo kazi yake msimu huu wa likizo: yeye asage, wageni watazame. Kando ya mafiga kiliwekwa kigoda ambacho mzee alirithi kwa baba yake, akakitoa kwa makumbusho. Leo alikuwa amevaa koti kuja kukiona.

"Pita ndani, mzee," mwongozaji wa wageni alimhimiza. Foleni ya wanafunzi wa shule ya Kewanja ilikuwa imefika getini.

"Nyumba hii kaikandika nani?"

"Winfrida."

"Na moto kawasha nani?"

"Huyo huyo."

"Basi ni nyumba ya mke wa mwanangu. Tangu lini baba mkwe akaingia kwa mkwewe?"

"Mzee, hii ni ya maonyesho tu!"

"Na aibu yangu nayo itakuwa ya maonyesho?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Winfrida aliinamia jiwe, unga umemjaa mpaka kwenye kope, akiuma mdomo asicheke.

Mzee akageuza uso pembeni, kwa heshima.

"Mwambie mwenye nyumba anitolee kigoda changu hapa nje. Nikikalie kidogo tu, nione kama bado kinanijua."

Winfrida akajifuta unga mikononi. Kwenye kigoda walikuwa wamening'iniza kibao: USIGUSE. Mwongozaji alikuwa anamtazama yeye.