Kona za Aspromonte

Kwenye kona ya tatu ya mteremko wa mlima Aspromonte, baba, aliyekaa nyuma yangu, alijivutia tena upande wa pili, na pikipiki ikayumba kuelekea korongoni. Nikaisimamisha pembeni.

"Baba, nikilala kulia, nawe lala kulia. Hutaki, shuka uende kwa miguu."

"Filomena, nimeendesha miaka arobaini!"

"Ukiwa mbele. Leo uko nyuma."

Akanuna. Kisha mikono yake ya uashi, yenye saruji kwenye kucha, ikanishika kiunoni. Kona iliyofuata tulilala pamoja, na pikipiki ikatii.

Tulipofika kijijini, mbele ya mkahawa walikaa wenzake, waliozoea kusema pikipiki si ya mwanamke. Nilidhani ataniambia nipite uchochoroni wasituone.

"Polepole, mwanangu," akasema. "Na upige honi."