Mawe ya Jumamosi

Kadogo alilificha jiwe chini ya paja kabla Mama hajageuka. Rangi ilikuwa bado mbichi. Aliisikia ikishika sketi, akabana miguu.

Mama hakuona. Alikuwa anamfuta Bibi mate kwa pembe ya taulo.

Walikaa kando ya kitanda cha Bibi kama kila Jumamosi tangu kiharusi kimlaze, mwaka wa sita sasa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyeshauri mkono uliobaki mzima upewe kazi. Basi Mama akawa anaokota mawe laini kwenye kijito cha nyuma ya shule, anayaosha, anayapaka rangi nyeupe, na Bibi anayatia maua ya nukta nukta. Maneno waliandika Mama na Kadogo. Usikate tamaa. Kesho ni siku nyingine. Pumua. Yakikauka yalipigwa vanishi, kisha Mama akayaacha kwenye benchi la hospitali au kituo cha basi, aokote atakayehitaji.

"Mawe yote haya," Bibi alisema, ulimi mzito ukiburuta maneno, "na hakuna hata moja la kumrushia mtu."

Jiwe la chini ya paja lilikuwa na maneno mawili tu: Utaweza, Mama.

Kadogo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amempita Mama kwa kichwa kizima, lakini jina la utotoni lilikuwa limemganda. Wiki mbili zilizopita maabara moja ya maji, katika mji ulio safari ya siku nzima kwa basi, ilimwandikia kwamba kazi ni yake. Aripoti Jumatatu asubuhi. Asipofika, nafasi atapewa mwingine. Tiketi ya kesho saa mbili alishakata. Begi lilikuwa kwa rafiki yake. Kilichobaki ni kusema, na kusema ndiko kulikomshinda. Barua mbili za kazi kabla ya hii zilichakaa kwenye droo kwa sababu hiyohiyo.

Mama alimwita aje amgeuze Bibi. "Leo peke yako. Mimi naangalia."

Kadogo akapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, kama alivyofundishwa. Mwezi mzima Mama alikuwa akimfundisha: dawa ipi ya kabla ya kula na ipi ya baada, uji uwe mzito kiasi gani usije ukampalia, shuka livutweje lisiache mkunjo mgongoni. Kadogo hakuuliza kwa nini. Alijua. Alikuwa anafungwa kwenye chumba hiki, taratibu, kwa upole, na kila somo lilikuwa fundo jingine kwenye kamba.

"Mke mwenzangu ana mikono laini kukushinda," Bibi alimwambia Mama.

Mama alicheka, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. "Ameiva huyu," alisema.

Kadogo alirudi kwenye mawe na kujaribu kwa njia ya kuzunguka. Macho yakiwa kwenye brashi, alisema kwamba siku hizi watu wanapata kazi za mbali, na nyumbani wanaweka msaidizi, na mambo yanakwenda. Mama alimkumbusha kwamba wasaidizi watatu wameshakimbia, na wa mwisho hakumaliza hata wiki.

"Huyo nilimuuma," Bibi alikiri. "Lakini alianza yeye."

Mama aliisuuza brashi yake kwenye glasi mpaka maji yakawa meusi. Hakumtazama Kadogo.

"Lazima mmoja wetu awepo, mwanangu. Mmoja tu. Nimefikiria kila njia, hakuna nyingine."

Kadogo aliitikia, ndiyo Mama, kwa sauti ambayo hata Bibi hakuisikia.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshavaa, mpaka viatu, akiwa chini ya shuka lililovutwa hadi kidevuni. Mama alisukuma mlango, kitambaa kichwani, kikapu kikubwa begani. Alisema anatoka kununua maziwa. Kisha akabaki palepale, kama mtu aliyesahau alichofuata. Akaja akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja, kama anapima homa.

"Umekua," alisema, akatoka.

Dukani ni dakika kumi na tano kwenda na kurudi, ishirini mwenye duka akianza maneno yake. Kila Jumapili Mama alienda. Kadogo alikuwa ameujenga mpango mzima juu ya dakika hizo. Lango liliposikika likifungwa, aliinuka. Alichungulia kwa Bibi: amelala, mdomo wazi, mkono mzima umeshika shuka. Kwa dakika kumi na tano, alijiambia, hakuna kitakachomfika. Yeye angepita njia ya nyuma, wasikutane.

Alilitoa jiwe lake kwenye kitambaa alicholifungia na kuingia chumbani kwa Mama kulilaza juu ya mto.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kabati lilikuwa wazi, na hanga zilining'inia tupu. Juu ya mto palikuwa na jiwe, vanishi bado inanata, na mwandiko wa Mama: Utaweza, mwanangu.

Akaligeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo: Dawa ya saa tatu ni baada ya uji.