Waliopewa na Wasiopewa

Miezi minane baada ya kumzika mumewe, Siwema aliitwa hospitali na Daktari Lubuva. Mumewe, Shomari, aliugua nimonia kali. Alipokuwa kwenye mashine ya kupumulia, Siwema ndiye aliyetia saini ashirikishwe katika utafiti wa dawa mpya.

"Utafiti umekwisha, mama," daktari alisema. "Shomari alikuwa katika kundi la wasiopewa dawa. Waliopewa walipona wengi zaidi. Sasa tunampa dawa hiyo kila mgonjwa wa aina yake. Bila nyinyi tusingejua."

Siwema akauliza, "Yupo anayeitumia leo?"

Daktari akampeleka kwenye kioo cha chumba cha wagonjwa mahututi. Ndani, binti aliyetolewa mashine juzi alikuwa ameegemea mto, mama yake akimlisha uji. Daktari aliingia, akamnong'oneza mama yule. Mama akaweka bakuli kitandani, akatoka mbio na kumshika Siwema mikono yote miwili.

"Ahsante, dada yangu. Mwanangu alikuwa hana pumzi kabisa."

Siwema alilia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba haikuwa kwa uchungu mtupu.

"Nenda kamlishe, uji utapoa."

Mama hakuiachia mikono yake. Nyuma ya kioo, binti alikishika kijiko mwenyewe, kikitetemeka, akakiinua taratibu.